Pikapu Iliyotumika: Itatubeba au Tutaibeba?

Katika magari yote yanayopita mbele ya nyumba zetu, hapana lenye kazi nyingi kama pikapu. Asubuhi utaiona imebeba saruji, mchana imebeba ndizi, jioni imebeba kabati na kitanda cha bibi harusi, na usiku inapita polepole, taa zinawaka, imebeba msiba. Wenye umri wa kutosha watakumbuka jinsi zilivyomiminika nchini baada ya biashara kulegezwa mwaka 1984, pale waliokuwa na fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa. Jijini Dar es Salaam nyingine zilifungwa mabenchi nyuma, zikabeba abiria waliokaa wakitazamana, na watu wakaziita "chai maharage".

Kwa hiyo pikapu si mgeni kwetu, ndugu msomaji. Lililo geni kwa familia nyingi ni kukaa chini, baba na mama, na kujiuliza kwa kalamu na karatasi: je, tukiinunua hii iliyokwisha kutumiwa na wengine, itatubeba sisi au sisi ndio tutakaoibeba? Swali hilo limekaa nyumbani kwangu karibu mwaka mzima. Nalieleza hapa kwa kuwa naamini halikuwa letu peke yetu.

Mama yangu anaishi kijijini wilayani Muheza, mkoani Tanga, umbali wa kilomita 18 kutoka mjini kwa njia ya udongo. Ana shamba la michungwa aliloachiwa na marehemu baba, miti kama 200 inayozaa. Anaishi na shangazi yangu, aliyemzidi umri, pamoja na mdogo wangu ambaye ndiye mkono wa shamba. Wakati wa masika ya mwaka juzi shangazi aliteleza uani, akavunjika nyonga. Hapakuwa na gari. Alipelekwa hospitali kwa pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na mdogo wangu, kilomita zote 18 za matope na mashimo. Alipona, anatembea kwa mkongojo, wala hamlaumu mtu. Lakini mdogo wangu aliniambia kwamba njia nzima shangazi hakulia. Alikuwa akimwomba dereva msamaha kwa kumchelewesha. Tangu siku hiyo neno "pikapu" likawa halitoki katika mazungumzo yetu.

FEDHA ZA BATI

Fedha zilikuwapo, lakini zilikuwa na kazi yake. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu. Kwa muda wa miaka sita yeye na mimi tulikuwa tukiweka akiba, yeye kwa njia ya chama cha akiba na mikopo cha kazini kwake, mimi kwa njia ya benki, hata tukafikisha shilingi milioni 26. Hizo zilikuwa za kupaua nyumba yetu, ambayo kuta zake zimesimama tangu mtoto wetu wa kwanza alipokuwa hajaanza shule. Bado tunapanga. Kila mwisho wa mwezi tunampa mtu mwingine kodi huku kuta zetu zikiota majani.

Nilipomfikishia mke wangu shauri la pikapu hakukasirika. Alivuta daftari la wanafunzi, akapiga mstari katikati ya ukurasa, akasema: "Baba watoto, shangazi ni shangazi yangu pia. Lakini huruma isiandike hesabu. Tuanze na machungwa."

Tukaanza na machungwa. Wachuuzi waliokuja shambani kwa mama msimu uliotangulia walimpa shilingi 40 kwa chungwa. Mjini Muheza, kando ya barabara ya lami, chungwa hilohilo lilichukuliwa kwa shilingi 70. Tofauti ni shilingi 30, nayo ndiyo bei ya zile kilomita 18. Pikapu ya wastani hubeba kama tani moja. Ukikadiria chungwa kuwa na uzito wa gramu 200, tani moja ni machungwa 5,000, na kwa hiyo safari moja inaokoa shilingi 150,000 kabla ya mafuta. Miti 200, tuseme kila mmoja machungwa 400 kwa mwaka, ni machungwa 80,000, yaani safari 16. Jumla: shilingi 2,400,000 kwa mwaka.

Mke wangu aliizungushia duara hesabu hiyo. "Gari la milioni 21," akasema, "litarudisha fedha zake kwa karibu miaka tisa, iwapo halitaharibika hata siku moja, halitakunywa mafuta, na mdogo wako hatakula."

Mimi nilikuwa na jawabu langu: basi tusiishie Muheza, tuyalete machungwa hadi Dar es Salaam, ambako bei ni nzuri zaidi. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nadhani wengi hawalipimi. Kutoka Muheza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300. Pikapu ya dizeli iliyobeba mzigo tukiikadiria kilomita kumi kwa lita, safari ya kwenda na kurudi ni lita zaidi ya 60, na umeleta machungwa 5,000 tu. Lori la tani kumi hunywa mafuta mara tatu hivi ya pikapu, lakini hubeba mara kumi. Kwa maneno mengine, kila chungwa linalosafiri mbali kwa pikapu hunywa dizeli mara tatu ya lile linalosafiri kwa lori. Kazi ya pikapu ni njia fupi na mbovu, pale lori linapozama au linapokataa kuingia kwa kuwa mzigo ni mdogo. Ukiipeleka barabara kuu kushindana na malori, umeitia katika ugomvi usio wake.

Hesabu hiyo ilituamulia jambo la kwanza: gari likinunuliwa, litalala Muheza. Halitalala Dar es Salaam kwangu, kunipeleka kazini na kunipamba mbele ya majirani.

KEBINI MOJA AU MBILI?

Sokoni tulipata magari mawili ya kupima. La kwanza lilikuwa la kebini mbili, lenye milango minne, jeusi, linang'aa, limeegeshwa katika yadi moja jijini. Bei yake ilikuwa shilingi milioni 38, ambayo ingetulazimu kukopa milioni 12 juu ya akiba yote. La pili lilikuwa la kebini moja, la zamani zaidi, jeupe lililogeuka rangi ya maziwa yaliyolala, mali ya mzee mmoja wa Tanga mjini aliyekuwa akibebea mbao. Yeye alitaka milioni 21.

Kebini mbili ina haki yake. Huchukua watu watano kwa heshima, nao wanafunga mikanda. Mgonjwa kama shangazi angeweza kulazwa kiti cha nyuma. Lakini milango hiyo ya ziada imekatwa kutoka sehemu ya mzigo: bodi yake ya nyuma ni fupi, na matenga yanayoenea katika kebini moja huku hubaki chini. Vilevile magari mapya-mapya yana injini zinazopima mafuta kwa kompyuta. Zina nguvu na hunywa kidogo, lakini hazivumilii dizeli chafu, na nozo zake zikifa seti nzima yaweza kumeza mapato ya msimu. Zile injini kuukuu zenye pampu ya kawaida hunguruma kama mashine ya kusaga, zinapanda mlima taratibu, lakini fundi wa chini ya mwembe anazijua kama anavyojua jina lake, na spea zake zipo tele, kuanzia Gerezani hadi wilayani.

Yafaa msomaji ajue pia asili ya magari haya. Toyota Hilux, ambayo kwa wengi wetu ndiyo maana ya neno pikapu, ilianza kutengenezwa mwaka 1968. Kampuni yake iliacha kuiuza nchini Japani mwaka 2004, ikairudisha sokoni humo mwaka 2017. Kwa sababu hiyo, mtumba wa aina hiyo uliotumika Japani kwenyewe aghalabu ni wa kabla ya 2004. Ya katikati hapo utaipata kutoka nchi nyingine zinazoendesha upande wa kushoto kama sisi, mathalani Thailand na Uingereza. Na itokayo Uingereza ichunguzwe chini ya tumbo, kwa maana barabara za huko hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi kuyeyusha barafu, na chumvi haina urafiki na chuma.

Tulifikiri pia kuagiza wenyewe. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane. Kwetu umri si kizuizi, ila gari kuukuu huongezewa ushuru kwa ajili ya uchakavu, juu ya ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mamlaka ya Mapato ina kikokotoo chake ambacho mtu yeyote anaweza kukitazama kabla ya kutuma hata senti moja. Sisi tulikitazama, tukanyamaza, tukarudi kwa magari yaliyokwisha kulipiwa.

MJOMBA NA NYUNDO YAKE

Mke wangu ana mjomba aliyeendesha malori kwa muda wa miaka 30, sasa amestaafu. Tulimwomba atusindikize. Alikuja na tochi, kitambaa cheupe na nyundo ndogo ya fundi viatu, wala hakuuliza bei.

Katika ile yadi ya jijini alianza kwa kuweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto, ilhali tuliahidiwa kwamba gari halijawashwa tangu jana. "Mgonjwa aliyepashwa moto kabla ya daktari kufika," akatunong'oneza. Injini baridi husema ukweli. Ya moto imekwisha kufundishwa la kusema. Akaingia uvunguni na nyundo yake, akagonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma. Ilikuwa imepakwa lami nyeusi mpya. Mahali pengi ilitoa mlio mkali wa chuma kizima; karibu na springi za nyuma ikatoa mlio mzito kama wa debe lenye mchanga. Aliparua kidogo kwa ukucha wa nyundo, lami ikatoka na vipande vya kutu. Akajifuta mikono kwa kile kitambaa, akamshukuru muuzaji kwa adabu, tukaondoka.

Kule Tanga tulifika saa kumi na mbili asubuhi, injini imelala baridi. Mjomba aliwasha, akasimama nyuma kuutazama moshi. Moshi mweusi, alitueleza, ni mafuta yanayozidi hewa: tazama nozo na chujio. Wa buluu ni oili inayoungua, na hapo injini inaomba kufumuliwa. Mweupe wa baridi ya asubuhi ukiisha si neno. Usipokwisha hata injini ipate joto, huenda maji yanaingia yasipotakiwa. Akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, akaweka kiganja: pumzi ndogo yasamehewa, lakini ikipuliza kama mvuke wa sufuria, ringi zimekwisha. Akahesabu majani ya springi za nyuma na kukuta moja la ziada upande mmoja, dalili kwamba gari limezidishiwa mzigo. Akatazama raba za pedali, zimelika hadi chuma, akacheka aliposoma kilomita chache zilizoandikwa kwenye dashibodi. "Pedali haijui kusema uongo," alisema.

Kisha akatuambia tupakie mifuko kumi ya saruji kutoka duka la jirani, kwa ruhusa ya mwenye duka, tukaendesha hadi mlimani na kurudi. Klachi iliteleza kidogo. Gia ya tatu iliingia kwa ubishi. Lakini maji hayakuchemka, na chesisi ililia mlio mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hukumu yake ilikuwa hii: klachi mpya, mkanda wa taimingi ubadilishwe kabla ya safari ya kwanza kwa kuwa hapana ajuaye ulibadilishwa lini na ukikatika huharibu injini nzima, na matairi mawili. "Si bikira," alisema, "lakini si mgonjwa."

Karatasi nazo zina moshi wake. Tulilinganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizomo katika kadi. Tukahakikisha jina katika kadi ni la mzee mwenyewe, wala hapana jina la benki linaloonyesha kuwa gari ni dhamana ya mkopo. Tukatazama kama namba yake inadaiwa faini za barabarani, tukakuta mbili, mzee akazilipa kabla ya kusaini. Mkataba uliandikwa mbele ya wakili, na kadi ikahamishwa jina mapema. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, iliyokuwa ikiwatesa wanunuzi kwa malimbikizo, ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa katika bei ya mafuta; siku hizi gari linalolala halilipi, linalotembea hulipa kwa kila lita. Bima ndogo, inayolipa hasara ya mtu mwingine, ni ya lazima. Na likibeba mizigo ya watu kwa malipo, linahitaji leseni ya LATRA.

MANENO YA MAMA

Jambo moja lilibaki, nalo halikuwa na namba. Gari la kebini moja huketisha watu watatu. Mtu aliyevunjika nyonga hawezi kuketi. Je, tulikuwa tunanunua gari lisiloweza kumbeba yule ambaye kwa ajili yake tulianza kulitafuta?

Nilimweleza mama hayo kwa simu, nikitaraji atasikitika. Alicheka. "Mwanangu, hata godoro nyuma, chini ya turubai, na mtu wa kumshika, lingekuwa pepo siku ile. Mimi naogopa jingine. Gari kijijini ni kama kisima. Huwezi kumnyima mtu maji. Lakini wote wakichota na asiwepo wa kukisafisha, mwisho wake ni matope, na mwenye uwanja ndiye atakayelaumiwa."

Nadhani hapo mama aligusa hasara kubwa kuliko kutu na klachi. Mwenye pikapu ana ndugu wengi. Ataombwa gari la msiba, la harusi, la kuhamisha vyombo, la kumfuata mgeni stendi. Akikataa ni mchoyo. Akikubali kila ombi, gari litakufa na ndugu watampa pole. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tuliandika masharti katika lile daftari na mama akayasoma mbele ya jamaa. Mgonjwa na maiti hubebwa bure, mwenye uwezo achangie mafuta. Harusi na vyombo hulipiwa, hata kama bibi harusi ni mpwa wetu. Watu hawapandi nyuma juu ya mzigo, kwa maana wengi wamepoteza maisha kwa namna hiyo. Na mdogo wangu, mwenye leseni, ndiye pekee anayeshika usukani.

Tulinunua lile jeupe kwa milioni 20 na laki tano baada ya mzee kupunguza kwa ajili ya klachi. Zilizobaki tulizitenga: sehemu ya matengenezo, sehemu isiyoguswa ya bati.

Miezi kumi imepita. Daftari linaonyesha kwamba klachi, mkanda, matairi na kuhamisha kadi vilikula milioni mbili na laki tatu. Machungwa ya mama yaliuzwa barabarani, na tofauti ilikuwa ndogo kuliko tulivyokadiria, kwa sababu bei ya mjini nayo ilishuka msimu ulipokolea. Matofali, mchanga na mbao za majirani, kwa malipo, ndivyo vilivyoliweka gari hai. Faida halisi haijafika nusu ya tuliyoitarajia. Kuta zetu bado hazina bati, na mke wangu hulitaja jambo hilo mara moja kila mwezi, siku ya kulipa kodi, kwa sauti ya chini, kisha halitaji tena.

Katika ukurasa wa mwisho mdogo wangu ameandika orodha isiyo na shilingi: wagonjwa saba, wawili kati yao wajawazito, na maiti mmoja. Mke wangu alipouona ukurasa huo hakujua auweke upande upi wa mstari. Tumekubaliana kwamba msimu ujao ukiisha tutalifungua daftari zima mbele ya mama, na hapo ndipo tutakapoamua kama gari liuzwe lingali na thamani au libaki.

Kwa ndugu msomaji aliye njiani kununua, nasema haya tu. Amua kwanza gari litalala wapi na litapita njia gani. Aina na rangi zitafuata. Pima njia fupi na mbovu, wala usidanganywe na bei ya mbali. Mfuate mwenye gari asubuhi na mapema, injini ingali baridi. Usitoe fedha zote: gari lililotumika hununuliwa mara mbili, mara ya kwanza kwa mwenyewe na mara ya pili kwa fundi. Na masharti ya ndugu yaandikwe kabla ufunguo haujashikwa, kwa sababu baada ya hapo kila sharti huonekana ni tusi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. La kwetu liko juu ya meza, na mstari wake ungali katikati ya ukurasa.